Kamwene, Pita Salama

Mzee Methusela alimruka Jumbe Tarsis kama mtu anavyomruka mbuzi aliyelala mlangoni, akatoka barazani mbio, akaenda kusimama katikati ya viazi huku anahema. Lori la Makambako likapita barabarani na makelele yake, likaenda zake Songea. Hapo ndipo miguu ya mzee ilipotulia.

"Na kofia yangu umeipiga teke!" jumbe akafoka.

"Si mimi, Jumbe. Ni miguu."

Watu wa kijiji cha Yakobi wakacheka mpaka wakashikana mabega, ingawa kisa walikijua. Tangu tetemeko la mwaka juzi, ardhi ikinguruma kidogo tu, miguu humtoa Methusela nje kabla mwenyewe hajaamua. Siku ile ilimtoa hivyohivyo, ikamwacha mkewe Emilia chini ya ukuta. Na serikali ilileta nini? Ilileta bwana mmoja wa kaptura, akatazama nyufa, akanywa chai, akaondoka. Dresa Odilo wa zahanati naye alimpa mzee dawa ya minyoo, maana ndiyo aliyokuwa nayo.

Jumbe hakucheka. Jicho lake lilikuwa kwenye kinyungu cha Methusela, kile kishamba cha bondeni kisichokauka hata kiangazi.

"Mtu asiyeitawala miguu yake ni mwendawazimu," akasema. "Alhamisi utakaa humu ndani, lori lipite. Ukikimbia, dresa atakupeleka nyumba ya vichaa, na kinyungu kitatunzwa na baraza."

"Baraza ndiyo nani?"

"Baraza ni mimi."

Jioni Esteria, dada mkubwa wa marehemu, alikuja na mafuta ya mbarika. Akamkalisha shemeji yake chini, akaanza kumkanda vigimbi. Vilikuwa vigumu kama mpini wa jembe.

"Unaitukana hii miguu?"

"Kila siku, shemeji. Ingemngoja na Emilia."

Esteria akamimina mafuta mengine kiganjani. "Mimi naishukuru," akasema. "Isingekutoa, ningezika wawili. Basi iache, usiitukane tena."

Methusela akalia, kwanza polepole, halafu kwa sauti kama mtoto, na vigimbi vikaanza kulegea mikononi mwa shemejiye.

"Sasa sikia. Mgeni akipita hapa kwetu unafanyaje?"

"Namwamkia. Kamwene."

"Basi na hilo lori ni mgeni. Likinguruma, fumba macho, kandamiza nyayo chini, liamkie, lipite zake."

Wakafanya mazoezi. Esteria aliviringisha pipa tupu nje, Methusela ndani akaliamkia pipa kwa heshima zote. Majirani wakasema wendawazimu sasa ni wawili.

Alhamisi baraza lilijaa. Jumbe alikaa kwenye kiti chake kirefu, dresa pembeni amejiandaa, Esteria mlangoni. Methusela akawekwa katikati kwenye kigoda. Akafumba macho. Wakangoja mpaka jumbe akaanza kupiga miayo.

Ndipo likaja. Lilianza mbali, kama mtu anayeburuta magogo, likakaribia, miti ya paa ikalia na vumbi likammwagikia kichwani. Siku hiyo lilikuwa limebeba sana. Vigimbi vikamkaza, miguu ikataka kwenda. Methusela akakandamiza nyayo.

"Kamwene," akasema. "Kamwene, mgeni wangu. Pita salama."

Likapita. Yeye yupo palepale, kwenye kigoda, chini ya paa. Akamkumbuka Emilia, na kwa mara ya kwanza kifua hakikumbana.

Akafumbua macho. Barazani hapakuwa na mtu.

Hasira ikampanda. Ndivyo walivyo hawa wakubwa: ukiwashinda, wote wanatoka nje kukojoa ili wasikutamkie hukumu! Akatoka kwenda kuidai haki yake, akiuruka ufa mpya uliopasua kizingiti. Hakuwaona uani, hakuwaona njiani. Akatupa jicho bondeni, akawaona wamejaa kwenye kinyungu chake, dresa upande huu, jumbe upande ule, matope magotini.

"Mmeshaanza kugawana!" akapiga kelele, akiteremka na fimbo. "Mimi nimekaa! Limepita na nimekaa! Shemeji Esteria ni shahidi!"

Shahidi alikuwa amejikunyata kwenye mfereji, kilemba kimemtoka. Dresa alikuwa amekumbatia mwanzi. Jumbe alifungua mdomo, lakini meno yakagongana tu.

"Toa hukumu, Jumbe! Lori limepita au halijapita?"

Kabla jumbe hajajibu, honi ikalia kule kilimani: lori la Makambako, ndiyo kwanza linafika. Methusela akageuka kuliamkia, na alipogeuka tena, miguu ilikuwa imeshaondoka na jumbe.