Mkia wa Kimya

Askari wawili wa wanyamapori waliingia chumbani bila hodi, na mbwa wangu Kimya akawafuata nyuma.

Nilikuwa nimesahau kumfunga.

Serikali iliyopita ilitupatia vibali vya kuwinda, ikatuita walinzi wa mashamba. Rais mpya hajamaliza hata mwezi, tumeshakuwa majangili. Swala ni wale wale, pori ni lile lile!

Mke wangu alikuwa amejilaza kitandani, shuka hadi kidevuni, akijifanya mgonjwa. Nyama ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro, usawa wa mgongo wake.

"Pole, shemeji," alisema askari mkubwa. Enzi zile tulikuwa tukiwinda naye kila Jumapili. Alichungulia uvunguni, akafunua sanduku la nguo, akamgeukia mwenzake. "Hamna kitu. Twende."

Hapo ndipo Kimya alipojilaza mbele ya kitanda.

Kimya habweki. Nilimfundisha mwenyewe: akinusa windo, anajilaza kifudifudi, pua inaelekea lilipo, mkia unanyooka kama kijiti. Askari mkubwa alishamwona akifanya hivyo mara nyingi, akamsifu kuliko hata mimi.

"Kimya, toka nje," nilisema. Hakutikisa hata sikio.

Askari mkubwa alisimama mlangoni. Aliutazama ule mkia. Akamtazama mwenzake, ambaye naye alikuwa akimtazama yeye.

"Shemeji," alisema taratibu, bila kuniangalia, "hebu inuka kidogo."