Kidevu cha Nambozo

Wembe ulikuwapo, maji yalikuwapo, na bado Nambozo hakunyoa. Hiyo ilikuwa asubuhi ya nne.

Kwa miaka kumi na minne ya ndoa alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akijifungia jikoni na kukwangua kidevu mpaka kibaki laini kama cha wanawake wengine. Hakuna jirani aliyejua. Mumewe hakuwahi kuziona ndevu zile, au kama aliziona, hakusema. Geresom mwenyewe, mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi mjini Jinja, hakujaliwa hata unywele mmoja kidevuni. Wenzake kambini walimtania wiki moja, wakachoka. Mwanamume asiye na ndevu ni mzaha. Mwanamke mwenye ndevu ni msiba.

Sasa wanajeshi wa Tanzania walikuwa wameingia Jinja. Jeshi lililotawala lilikuwa limekimbia, na watu walioonewa miaka minane walikuwa wakiwasaka waliobaki nyuma. Mpishi mmoja wa kambi alipigwa mawe akafa, mtu ambaye hakuwahi kushika kitu kikali kuliko kisu cha vitunguu. Majirani walipouliza habari za mumewe, Nambozo aliwajibu kupitia dirishani, shuka likimfunika mdomo, kwamba alipanda lori la jeshi kwenda kaskazini. Kisha akafunga nyumba na kutafuta usafiri wa kwenda kwa wakwe zake Mbale.

Lilipatikana lori la chumvi. Nambozo alipanda na mwenzake, ambaye aliwaambia abiria ni wifi yake, Cissy. Abiria walimpenda Cissy papo hapo. Alikuwa na uso laini, macho yaliyotiwa wanja kwa mkono uliotulia, na vazi la kike la gomesi, la kijani, lililomkaa vizuri. Hakuzungumza; Nambozo alieleza kwamba sauti imemkauka kwa kulilia wafu wake. Watu wakampisha akae penye kivuli.

Nambozo hawakumpisha. Alikuwa ameacha shuka nyumbani. Walikitazama kidevu chake, wakatazama pembeni, na mfanyabiashara mmoja aitwaye Proscovia akavuta kikapu chake karibu zaidi na miguu.

Kizuizi kilikuwa maili chache kabla ya Mbale. Habari zilikuwa zimeenea kwamba askari wa zamani wanatoroka wakiwa wamevaa nguo za kike, na Watanzania walikuwa na dawa yao: wanawake wajipange mstari, sajini awapapase kidevu mmoja mmoja na kuwataka waseme majina yao. Sajini alizungumza Kiswahili cha upole, na alisema "tafadhali". Watu wa lori, waliozoea Kiswahili cha kukaripiwa, wakazidi kuogopa.

Nambozo alikwenda moja kwa moja mbele ya mstari, akainua uso.

Kiganja cha sajini kilifika kidevuni kikasimama. Kikarudi, kikapita tena.

"Wewe ni nani?"

"Nambozo. Mke wa mtu."

"Mke wa mtu," sajini alirudia, akapiga hatua mbili nyuma na kumwelekezea bunduki kifuani.

Proscovia akasema ndevu hizo alikuwa ameziona tangu Jinja. Mwanamume mmoja akauliza wanangoja nini. Askari wote wakauacha mstari, wakaja kumzunguka. Nambozo aliomba jambo moja tu, aitwe mwanamke amkague.

Akaitwa Akeyo, mama mtu mzima aliyekuwa akiuza chai kando ya barabara. Wakaingia wawili katika kibanda chake cha nyasi. Nambozo alivua nguo zote, akasimama akiitazama sufuria ya maziwa huku nje watu wakibishana kama apigwe risasi hapo au apelekwe mjini kwanza. Akeyo hakufanya haraka. Alipotoka alikuwa akifuta mikono kwenye nguo yake kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo.

"Afande, huyu mwanamke kamili," alisema. "Mimi nimezaa saba, najua."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, hata yule aliyeuliza wanangoja nini. Sajini akashusha bunduki. Nambozo alipotoka akifunga mkanda wake, sajini alimwomba radhi mara mbili, tena bila kumtazama usoni. Mstari ulikuwa umevunjika, jua lilikuwa kali, na hakuwa na hamu ya kushika kidevu kingine siku hiyo. Akaamuru abiria wapande. Abiria wakawaeleza askari habari za wifi aliyefiwa, na askari kijana akamshika Cissy mkono kumsaidia kupanda, akampa pole ya msiba.

Injini ilipowashwa, sajini alisogea ubavuni mwa lori. Hakukusudia ubaya.

"Mama, usichukie nikikwambia. Jitunze kidogo. Mwige wifi yako."

"Nimesikia, afande," Nambozo alisema.

Proscovia alimpa ndizi mbivu, akaikubali. Mwenzake akaichukua, akammenyea. Walipomaliza ile ndizi Cissy alimshika mkono, asiuachie mpaka mjini.

Walifika Nabuyonga, mtaani kwa wakwe, alasiri. Mama mkwe ndiye aliyefungua mlango, naye ndiye mtu ambaye Nambozo alikuwa akimwogopa kuliko wote duniani. Mzee huyo alikitazama kidevu cha mkazamwana wake kwa muda mrefu, akawakaribisha ndani. Mgeni wa gomesi, mama mkwe alimsalimu kwa haraka tu, kama mtu anayesalimu asiyemjua. Kilichomkaa rohoni ni kimoja. Aliuliza mwanawe yuko wapi.

Nambozo alirudisha mlango, akatia komeo. Kisha akamgeukia mwenzake na kumfungua kitambaa cha kichwani.

"Huyu hapa, mama," alisema. "Mtafutie suruali."