Ndevu za Babu Ridhiwani

Itangazwe kwa watu wote wa nyanda za juu za Kigoma, na asiyesikia aambiwe na jirani yake, kwamba Jumapili ile mjini Kasulu ukoo mzima ulikutana sebuleni kwa Bibi Adija kumkumbuka shujaa wake wa Vita vya Kagera. Hotuba zilichelewa kidogo. Beberu wa Babu Haidari alikuwa ameibiwa ndevu.

"Si mbuzi. Ndevu!" Babu Haidari alifoka mlangoni, viatu mkononi. "Mwizi gani huyu, anaacha nyama anachukua ndevu?"

"Kaa, shemeji," Bibi Adija alimwambia. "Zitaota. Leo ni siku ya kaka yako."

Kaka mwenyewe aliitwa Ridhiwani. Aliondoka na mgambo mwaka sabini na nane, mtoto wake wa kwanza akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na hakurudi. Picha yake pekee ililiwa na mchwa. Tangu hapo Bibi alimtunza kichwani, lakini uzee nao una mchwa wake.

"Sauti yake ninayo," alimwambia mjukuu wake Swaumu likizo ilipoanza. "Kicheko ninacho. Sura ndiyo inanitoka, mke mwenzangu. Naogopa nitafika huko nishindwe kumtambua mume wetu, nimkumbatie wa mtu."

Walitaniana hivyo tangu Swaumu alipoanza kusema: wake wenza wanaogombania mume mmoja, ambaye mmoja wao hakuwahi kumwona.

Swaumu huyo alikuwa msichana wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni kule Kibondo. Alikuwa mtafiti hodari, mnyenyekevu na, kwa wanaojali mambo hayo, mwenye sura nzuri. Alianza utafiti mara moja. Aliwahoji wazee, na kila mzee akamweleza vita vyake mwenyewe. Alipekua masanduku, akapata mende. Hatimaye aliaga kwamba anarudi Kibondo kumtafuta mpiga picha mmoja wa zamani. Aliporejea alikuwa na bahasha mkononi, na mtandio umefungwa hadi puani. Alisema ni mafua.

Basi Jumapili hiyo kitambaa kikaondolewa kwenye fremu ya picha aliyoileta, na sebule ikashusha pumzi.

Alikuwa askari, bereti imelala upande, macho makali. Na ndevu! Ndevu ndefu, nyekundunyekundu, zilizochongoka kwa chini. Picha ilikuwa imegeuka rangi kama chai ya rangi, na ukiisogelea ilinukia tangawizi kwa mbali.

"Hiyo ni harufu ya historia," mzee mmoja alieleza.

"Yebaba wee! Kaka!" Babu Haidari aliinuka, machozi yakamtiririka. "Ndevu hizi ningezijua hata gizani!"

"Kwani jeshini si wananyoa?" aliuliza shangazi Shadia.

"Porini wembe utautoa wapi, Shadia? Acha ndevu, tazama hayo mabega. Mwanamume! Siku hizi hawazaliwi tena. Mwanamke akiolewa na mabega kama haya analala mlango wazi."

Hapo kila mtu akaanza kukumbuka. Mzee mmoja aliwahi kuzichana ndevu zile kwa mkono wake. Mwingine alisimulia jinsi adui alivyoziona kwa mbali, akatupa bunduki na kukimbia. Mtafiti aliinama nyuma ya mtandio wake, mabega yakimtikisika. Watu wakasema maskini, analia.

"Nipeni," alisema Bibi.

Kelele zilikatika. Alipakata ile picha, akaitazama, na uso wake haukuonyesha furaha. Aliigeuza kulia, akaigeuza kushoto. Kisha akaweka kiganja juu ya kioo, akazifunika ndevu zote, yakabaki macho, pua na mdomo.



"Ridhiwani," aliita taratibu. "Jamani, ndiye. Ndiye kabisa! Pua yake hii. Na huu mdomo wa kutaka kucheka msibani. Ulikuwa wapi wewe, siku zote hizi?"

Shangazi Shadia alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Hata mtafiti aliacha kutikisika.

"Si nilisema?" Babu Haidari alipaza sauti. "Lakini toa mkono, shemeji, tuzione ndevu."

"Ndevu gani?" Bibi hakuondoa kiganja. "Mume wangu alitoka humu ndani hana hata unywele mmoja kidevuni. Kila akienda kulala alipaka mawese ziote, hazikuota. Na aliyekuwa akimcheka ni wewe, Haidari."

Huko nje beberu alilia. Babu Haidari alitazama picha, akatazama dirishani, akatazama tena picha.

"Mke mwenzangu," Bibi aliita, "hebu sogea hapa penye mwanga. Na huo mtandio uvue."

Mtafiti hodari, mnyenyekevu, akasogea.

Bibi akanishika kidevu, akabandua kwa ukucha kipande cha gundi kilichokuwa kimebaki, akaniuliza kama beberu wa watu nimeshamwomba radhi.

Nikasema bado.