Jina la Kujichagulia

Sheria ilikataza mzazi kumpa mtoto jina. Mtu huru, ilisema, hujichagulia mwenyewe akishakuwa mtu mzima. Ndiyo maana Mwanasiti alimlea bintiye kwa kumwita "wewe". Wewe, njoo ule. Wewe, umeoga? Jina la marehemu mama yake, ambalo kwa desturi lingekuwa la mjukuu, alilifungia moyoni, kwa kuwa kila ukuta wa nyumba ulitegewa sikio la serikali.

Siku ya kuchagua ilipofika, binti alisimama mbele ya hakimu bila kupepesa macho.

"Nimechagua Kazija."

"Umelitoa wapi?"

"Kaburini kwa bibi yangu. Nimelisoma mwenyewe."

"Basi hujachagua wewe, umechaguliwa na ukoo. Taja jingine."

"Uhuru gani huu, mheshimiwa, wa kuchagua chochote ila ninachokitaka? Sitaji jingine."

Wakamrudisha nyumbani bila jina. Alipofika tu, akaketi mbele ya mama yake, akautazama ukuta.

"Mama, niite. Waache wasikie."

Mwanasiti alijikaza. Leo liwalo na liwe. Akafungua kinywa kwa nguvu zote.

"Wewe," ulimi ukasema.