Hatua Mia Tatu

Marta alilala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, kitako cha bunduki begani, na wanaume kumi na mmoja nyuma yake wakaangua kicheko. Loo, mama mzima wa miaka arobaini na saba, amevaa suruali ya mwanawe chini ya kitenge! Mmoja akamwuliza kama amekuja kuwinda nguruwe pori au kutafuta mchumba.

Tangu vita vya Kagera viishe, mwaka mmoja uliopita, maneno ya watu yalimpita tu. Hakukasirika, hakulia. Moyo wake wote ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa kutwa nzima.

Uwanja wa shabaha wa mgambo ulikuwa juu ya mji wa Lushoto, kwenye mteremko unaotazama bonde. Kila Jumamosi Selemani, sajini mstaafu, aliwafundisha wenye kuupenda mchezo huo kulenga ubao wa karatasi, na siku ya Saba Saba walishindania kikombe. Marta alitoka Bumbuli kwa basi la alfajiri, barua ya katibu wa tawi mkononi. Pale Lushoto hakuna aliyemjua.

"Shikamoo, sajini," alisema siku ile ya kwanza.

"Marahaba, mama. Wewe na bunduki wapi na wapi?"

"Mwanangu Yohane alikwenda vitani." Akamkabidhi ile barua. "Ilikuwa hatua mia tatu. Nataka na mimi nilenge kwa hatua mia tatu."

Selemani akainamisha macho. Yeye mwenyewe alikuwa amezika wenzake wa kutosha, hakuuliza la pili. "Pole sana, mama Yohane," akasema. Marta akaitikia, "Asante."

Haraka haraka haina baraka, basi akamwanzisha na hatua hamsini. Akamfundisha kulala miguu imepanuliwa, kitako kibane bega, shavu lisilegee. Vuta pumzi, toa nusu, tulia. Triga haivutwi, inaminywa taratibu, kama unamkamua ng'ombe mwenye kidonda. Risasi ya kwanza ikapotelea kwenye mikaratusi, wanaume wakashika mbavu. Ya tano ikatoboa karatasi. Jumamosi ya tatu wakasogea hatua mia moja, na wale wacheshi wote wakaanza kukohoa badala ya kucheka.

Jambo moja lilimshangaza Selemani. Wengine wakishapiga huuliza, "Nimepata?" Marta aliuliza, "Sajini, ukiwa umelala hivi, unaona nini kule?"

"Naona ubao, mama. Nione nini tena?"

"Na ukiwa na hofu? Moyo ukikudunda?"

"Hofu haipofushi macho. Inaharakisha kidole tu."

Marta akatikisa kichwa polepole. Selemani alimhurumia mpaka chai yake ikapoa mkononi. Kisasi ni mzigo mbaya, na huyu mama, alijisemea, anakibeba kila wiki kutoka Bumbuli mpaka hapa.

"Mama Yohane," akamwambia, "vita vimekwisha. Aliyefanya lile jambo, utampata wapi?"

"Simtafuti, sajini."

Kisha ikaja amri: bunduki zote zirudishwe Tanga mwisho wa mwezi. Ilibaki Jumamosi moja, na Marta alikuwa bado kwenye hatua mia mbili. Selemani akamwambia hizo zinamtosha kabisa, wako wanaume hawajazifika.

"Nakuomba," alisema Marta. "Nisipozifika mia tatu, sitapata usingizi mpaka naingia kaburini."

Nani angemkatalia?

Jumamosi hiyo ukungu uliwaweka mpaka saa nne. Ulipoinuka, Selemani akazipima hatua mwenyewe, moja moja, mpaka mia tatu. Marta akalala. Moyo ulimdunda hadi akausikia kwenye mbao za bunduki. Akavuta pumzi, akatoa nusu, akatulia, kidole kwenye triga. Wanaume wakasogea karibu, na hakuna aliyefanya mzaha.

Kidole kikatoka kwenye triga.

"Piga, mama," Selemani akanong'ona. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya alama.

"Kuna mtu kule."

Selemani akainua kichwa, akaruka juu akipunga bendera nyekundu. "Acha! Kila mtu aache!" Kwenye kijia kinachopanda kutoka bondeni, kando kabisa ya ubao, kulikuwa na mtu anatembea. Sajini akajifuta jasho. "Alhamdulillahi! Mama, umeokoa roho ya mtu!"

"Si mtu mzima," alisema Marta, shavu bado kwenye bunduki. "Ni mtoto wa kike. Miaka saba, minane. Ana gauni la njano, amejitwika kuni."

Selemani akakinga jua kwa kiganja. "Kweli kabisa. Mbona anaonekana vizuri! Hata mimi mzee namwona."

Marta akaiweka bunduki chini, taratibu. Machozi yakamtoka, mengi, machozi ya mwaka mzima, na ganzi ilipomwachia ikamwuma kila mahali. Alilia palepale kwenye nyasi mbele ya wanaume, na wote wakavua kofia.

"Hujapiga hata risasi moja," alisema Selemani.

"Nimemaliza, sajini."

"Mungu amlaze Yohane mahali pema," akamwambia. Marta akamtazama. Akajifunga kitenge vizuri, akateremka stendi.

Jioni alifika Bumbuli. Yohane alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anaota moto. Akamwamkia, akamwuliza alikuwa wapi kutwa nzima.

"Uliniapia kwa Biblia," mama yake akamwambia, "kwamba mtu akilala nyuma ya bunduki, kwa hatua mia tatu, hawezi kujua kama yule anayemlenga ni mtoto."