Moto wa Mei Mosi

Onora alikwisha kuinua mtungi wa maji juu ya moto wa jikoni, moto ambao haukuwahi kuzimika tangu enzi za bibi yake.

"Mama, usiuzime," Mwingereza mmoja alimwambia kutoka mlangoni, hati ya shamba mkononi. "Mke wangu yuko njiani na kichanga."

Mwingereza huyo aliikopesha serikali ya London pesa za kuipiga Ayalandi, nchi ya Onora, na sheria ikamlipa shamba hili. Onora alipewa hadi leo, Mei Mosi, awe amehamia magharibi, kwenye ardhi ya mawe matupu.

"Basi tuuchukue sisi," mke wa mwanawe alinong'ona. Chungu cha kubebea makaa kilikuwa tayari kiunoni.

"Mei Mosi moto hautoki nje, mwanangu. Hata jirani akiomba wa kuwashia kiko chake cha tumbaku, humnyima. Ukitoka, umetoka na baraka ya nyumba."

"Nyumba ya nani, mama?"

Onora aliutua mtungi, akapiga magoti, akayafukia makaa kwa jivu taratibu, akiligandamiza kwa kiganja kama alivyofanya kila usiku, ili asubuhi wenye nyumba waukute moto ungali hai.