Swali la Koo

Maji yalimwagikia meza ya daktari kabla glasi haijafika mdomoni.

"Dada! Taratibu basi!" Daktari alikivuta upesi kikombe chake cha chai, kilichojaa pomoni, kisije kikapigwa kumbo.

"Samahani. Mikono hainisikii," fundi cherehani akasema. Bega lilimruka, vidole vikamchezacheza pajani, uso ukakunjamana na kukunjuka. Nje, kwenye benchi, mwanamume na mwanamke waliovaa viatu vya kung'aa walikuwa wamempisha: "Tangulia wewe, sisi hatuna haraka."

Daktari hakumkumbuka. Fundi alimkumbuka daktari mpaka harufu ya marashi yake. Wakati ule fundi alikuwa mtoto wa shule, vijiko vikimponyoka, kalamu ikichora matuta daftarini. "Anadeka huyu, mama," daktari huyuhuyu alisema siku ile. "Fimbo ndiyo dawa yake." Na mama, kwa kuheshimu koti jeupe, akampa dozi kamili.

Daktari mwingine, baadaye sana, ndiye aliyeuliza: mtoto aliumwa koo karibuni? Aliumwa. Vijidudu vya koo vilikuwa vimeuchochea mwili uushambulie ubongo wake mwenyewe. Akapewa penisilini, vidonge vya kutuliza mitikisiko, na sindano ya kila mwezi ya kulinda moyo. Mikono ilitulia. Moyo ulikuwa umeshaharibika. Mpaka leo ngazi humkata pumzi.

Sasa jibu la swali lile alikuwa nalo mdomoni, tayari. Aliomba asiulizwe.

Daktari alimkazia macho. "Koo..."

Ule moyo mbovu ukamlipuka kifuani.

"Koo limekukauka, nakuona unavyomeza mate. Woga huo. Umegombana na mume?"

"Sina mume."

"Ndiyo hapo sasa!" Daktari akacheka. Kifaa cha kusikilizia moyo kilining'inia shingoni mwake kama mkufu wa harusi, hakukigusa. "Huumwi kitu, dada. Unadeka. Nenda kalale. Haya, anayefuata!"

Fundi akasimama. Akakinyanyua kile kikombe cha chai kwa vidole viwili, akavuka nacho chumba chote bila kudondosha tone, akafungua mlango na kukikabidhi kwa mwanamke mwenye viatu vya kung'aa.

"Haya, wakaguzi," akasema. "Amenifukuza tena."